Kazi ya kwanza ya AC ni kukausha hewa

Shikamooni wazee. Mama zangu, habari za leo? Na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, mambo? Asanteni kwa kuja. Jumamosi mchana ni muda wa thamani, najua wengine mnaingia zamu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa nizungumze kama fundi, si kama daktari. Kazi yangu ni hita na AC za majumbani: nafunga, natengeneza, nasafisha. Mambo ya dawa sitayagusa. Mwenye mtoto wa pumu aendelee na inhela yake kama alivyoelekezwa hospitali, asije akaiweka kabatini kwa sababu fundi fulani kasema filta inatosha. Haitoshi.

Tuko mwishoni mwa Agosti, na kwa sisi tunaoishi Louisville, Kentucky, katika bonde hili la mto Ohio, maana yake tunaijua. Ragwidi imeanza kumwaga chavua. Ni gugu la kando ya barabara tu, halina ua la kupendeza, mtu anaweza kulipita kila siku asilione. Lakini mmea mmoja unaweza kutoa chembe za chavua hadi bilioni moja kwa msimu, na upepo unazibeba mbali. Itaendelea hivyo mpaka baridi ya kwanza ya kugandisha, Oktoba ikiishilia au Novemba ikianza. Kabla yake tulikuwa na nyasi za Mei na Juni, na kabla ya nyasi tulikuwa na miti ya Aprili. Wengi waliofika hapa kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale, au kutoka Nairobi, wananiambia mwaka wa kwanza hawakusikia lolote, wakadhani mafua haya ni ugonjwa wa Wamarekani. Mwaka wa tatu au wa nne macho yakaanza kuwasha. Ndivyo mzio ulivyo: mwili hukutana na kitu kigeni misimu kadhaa ndipo uanze kupigana nacho.

Swali ninaloulizwa karibu kila nyumba ninayoingia ni hili: "Fundi, ninunue filta gani?" Nitalijibu, msiwe na wasiwasi. Ila ukianza na filta umeanzia katikati. Tuanze na maji.

Mwaka 1902, huko Brooklyn, New York, kulikuwa na kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms. Wenyewe hawakuwa wakilalamikia joto la wafanyakazi. Walikuwa wakilalamikia karatasi. Siku za unyevu karatasi ilivuta maji ya hewa ikatanuka, siku za ukavu ikasinyaa, na kwa kuwa kila rangi ilichapwa peke yake, rangi ya pili ilikataa kukaa juu ya ile ya kwanza. Injinia kijana aitwaye Willis Carrier akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili maji yaliyomo yatoke. Michoro yake ina tarehe 17 Julai 1902. Hiyo ndiyo AC ya kwanza ya kisasa, na ilibuniwa ili kukausha hewa. Ubaridi tunaoufurahia sebuleni ulikuja pembeni.

Hadi leo mashine inafanya vilevile. Ndani ya lile kabati la chuma lililo bezimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, kuna koili, yaani mabomba yaliyopindwapindwa, yenye baridi. Feni inavuta hewa ya nyumba kupitia tundu kubwa la ukutani, inaipitisha kwenye filta, halafu kwenye koili, kisha inairudisha vyumbani. Hewa yenye unyevu ikigusa koili inatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka friji ikawekwa mezani. Yale maji yanadondoka kwenye trei na kutoka nje kwa bomba dogo la plastiki. Siku ya Julai yenye fukuto, AC ya nyumba ya kawaida inaweza kutoa lita 20 na zaidi. Nikifika kwenye nyumba ambayo bomba lile halidondoki kitu na nje kuna mvuke wa kukatika pumzi, najua kuna tatizo kabla sijafungua hata skrubu moja.

Sasa, maji yanahusiana vipi na chafya?

Yupo mdudu anaitwa utitiri wa vumbi. Ana urefu wa robo milimita hivi, kwa macho humwoni. Anaishi kwenye godoro, mto, zulia, kochi la kitambaa, na midoli ya watoto yenye manyoya. Anakula magamba ya ngozi yetu yanayopukutika usiku na mchana. Msimchanganye na kunguni. Huyu hang'ati na hanyonyi damu. Kinachotuletea shida ni kinyesi chake. Watafiti Voorhorst na Spieksma wa Leiden, Uholanzi, ndio waliomtaja waziwazi mwaka 1964 kwamba yeye ndiye chanzo kikubwa cha mzio wa vumbi la nyumbani. Kabla ya hapo watu walilaumu vumbi kwa ujumla.

Mdudu huyu hanywi maji. Anayavuta kutoka kwenye hewa, kupitia tezi ndogo zilizo karibu na miguu yake ya mbele. Hapo ndipo tunapomkamatia. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu, anapoteza maji mengi kuliko anayoyapata, anakauka, anakufa. Hahitaji dawa ya kupuliza. Na jambo hili limepimwa hapa jirani, Dayton, Ohio, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari. Larry Arlian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wright State walifuatilia nyumba za watu wa kawaida, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Nyumba zilizotumia AC pamoja na mashine ya kukausha hewa, unyevu ukashikiliwa chini ya asilimia 51, utitiri hai ulishuka kutoka wastani wa 400 hivi kwa kila gramu ya vumbi hadi 8, ndani ya miezi 17. Nyumba zilizoacha madirisha wazi kiangazi, utitiri uliendelea kupanda kila msimu wa joto.

Nataka mlishike hilo la miezi. Mtu ananunua mashine ya kukausha hewa Ijumaa, Jumatatu ananipigia kwamba mtoto bado anakohoa. Mdudu akifa, kinyesi chake kinabaki kwenye godoro. Lazima ufue mashuka na foronya kwa maji ya moto kila wiki, nyuzi 130 za Fahrenheit, yaani 54 na ushee za Selsiasi, na godoro ulivalishe mfuko wa zipu unaoziba kabisa. Mashine inazuia wapya wasizaliane. Waliokwisha kuacha uchafu wao ni kazi ya mikono yako.

Na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Filta inanasa kile kinachoelea hewani tu. Kinyesi cha utitiri ni kizito. Ukikung'uta mto kinaruka, halafu baada ya dakika chache kimekwisha kutua. Feni haikioni, filta haikioni. Vivyo hivyo na mabaki ya mende. Mwaka 1997 ulitoka utafiti mkubwa wa watoto wenye pumu katika miji ya Marekani, ukaonyesha kwamba watoto wenye mzio wa mende wanaolala kwenye vyumba vyenye mabaki mengi ya mende ndio waliolazwa hospitali zaidi. Kwa mende, filta ya dola 40 ni sadaka kwa mwenye duka. Ziba bomba linalovuja chini ya sinki, funika chakula, weka dawa ya jeli kwenye pembe. Paka naye ana mambo ya kinyume kabisa: mzio wake unatoka kwenye mate na ngozi, unapanda chembe ndogo sana, unaelea kwa saa nyingi. Hapo filta nzuri inasaidia. Chavua nayo inaingia na upepo, inanaswa kirahisi. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, mwombe daktari akupime ujue mzio wako ni wa nini. Ukishajua, njoo tuzungumze mashine.

Rudini kwenye maji kidogo. Kile kitufe cha themostati, kidhibiti joto cha ukutani, chenye maneno AUTO na ON, wangapi wenu mmekiweka ON? Ninyosheeni mikono. Naona. Mliambiwa kwamba feni ikizunguka muda wote, filta inasafisha hewa muda wote. Ni kweli, kwa nusu. AUTO maana yake feni inazunguka pale tu mashine inapopoza au kupasha. ON maana yake inazunguka hata mashine imepumzika. Sasa fikirini Julai: AC imepoza, imezima, koili imelowa chapachapa, na trei ina maji. Feni ikiendelea, inapuliza ile koili yenye maji na kuyarudisha yote chumbani kama mvuke. Umelipia umeme kuyatoa, halafu unalipia tena kuyarudisha. Kwa hiyo miezi ya fukuto, Juni hadi Agosti, weka AUTO.

Septemba hadithi inageuka. Kunakuwa na siku nzuri, si joto si baridi, AC haiwaki wala hita haiwaki. Watu wanasema alhamdulillahi, Mungu ni mwema, wanafungua madirisha. Na ragwidi ndiyo iko kileleni, hasa kuanzia asubuhi hadi alasiri. Siku hizo filta yako haifanyi kazi yoyote maana feni imelala, na dirisha linaingiza chavua. Hapo ndipo ON ina faida: koili ni kavu, hakuna maji ya kurudisha, acha feni ipitishe hewa kwenye filta, na madirisha yafungwe. Mwenye themostati ya kisasa yenye neno CIRC aweke hiyo. Feni itazunguka vipindi vipindi bila kula umeme mwingi.

Lingine la maji ni ukubwa wa AC. Kila mtu anataka kubwa. Nawaelewa. Lakini AC iliyo kubwa kupita nyumba inapoza kwa dakika chache, themostati inaridhika, inazima. Koili haijapata muda wa kudondosha maji. Unabaki na nyumba ya baridi yenye unyevu, mashuka yanakuwa kama yameanuliwa mapema, na bezimenti inanuka ukungu. Ndogo inayofanya kazi mfululizo kwa utulivu inakausha vizuri zaidi. Fundi akija kukuuzia mashine bila kupima nyumba, akaangalia tu ile ya zamani na kusema "tutaongeza saizi moja," mshukuru na umsindikize mlangoni.

Nunueni kipima unyevu. Kinauzwa dola 10 hadi 15, kina ukubwa wa kiberiti kikubwa, unakiweka chumba cha kulala na kingine bezimenti. Shirika la mazingira la serikali, EPA, linasema unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50, usipite 60. Bila kipimo unakisia tu. Nimeingia nyumba watu wamevaa masweta Julai, themostati iko nyuzi 66 za Fahrenheit, na kipima kinasoma asilimia 64. Baridi wanayo, ukavu hawana.

Na tuseme ukweli kuhusu majiko yetu. Sombe inachemka kwa muda wa saa tatu. Maharage yanachemka kwa muda wa saa mbili, sufuria kubwa kwa sababu wageni hawaishi. Yote ule mvuke unakwenda wapi? Unakwenda kwenye kuta, kabati za nguo, na godoro. Feni iliyo juu ya jiko iwashwe tangu maji yanapoanza kuchemka, na mhakikishe inatoa hewa nje. Nyingi katika nyumba za kupanga zinavuta mvuke na kuurudisha usoni kwako. Weka mkono juu yake utasikia upepo. Ikiwa ni hivyo, funika sufuria, tumia preshakuka, na feni ya bafuni iachwe ikizunguka. Nguo nazo: kuanika ndani ni kumwaga lita za maji hewani. Kuanika nje wakati wa ragwidi ni kukusanya chavua na kuilalia. Najua mama zetu hawaamini nguo ambayo haijaona jua, lakini kwa wiki hizi chache tumieni drayer.

Majira ya baridi hali inageuka. Hewa ya nje yenye nyuzi sifuri za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80, ukiingiza ndani ukaipasha hadi nyuzi 21, inabaki na unyevu wa asilimia 20 hivi. Midomo inapasuka, watoto wanatoka damu puani. Ndipo inapokuja sufuria ya maji juu ya jiko, kutwa nzima, na mashine ya kuongeza unyevu kila chumba. Ndugu zangu, Januari ndiyo msimu wa njaa kwa utitiri. Mkimnywesha mwaka mzima, atakufa lini? Angalieni madirisha yenu asubuhi: maji yakitiririka kwenye kioo, umezidisha. Yale maji yanashuka kwenye ubao wa dirisha, na baada ya wiki mbili unaona madoa meusi kwenye pembe. Hiyo ni kuvu, nayo ina mzio wake. Kaeni asilimia 30 hadi 40 wakati wa baridi, pua zipakwe mafuta kidogo. Na kwa kuwa nimegusa jiko: hakuna kupasha nyumba kwa oveni ya gesi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua familia nzima usingizini. Kifaa cha kuitambua kiwepo kila ghorofa.

Haya, filta. Niliahidi.

Hii ya buluu mnayoiona mkononi mwangu ni nyuzi za fiberglasi, bei yake dola moja au mbili. Nikiinyanyua kwenye taa hii naona uso wa kaka pale wa tatu. Hii ilitengenezwa kulinda mashine isimeze manyoya na vipande vya karatasi. Mapafu yako haiyajui. Filta zinapimwa kwa namba ya MERV. MERV 8, ile iliyokunjwakunjwa ya kawaida, inanasa angalau asilimia 70 ya chembe za maikroni 3 hadi 10; maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chavua ya ragwidi ina maikroni 20 hivi, kwa hiyo kwa chavua peke yake MERV 8 isiyo na mwanya inafanya kazi nzuri, huna haja ya kujitia umaskini. MERV 13 inapanda hadi asilimia 90 kwa chembe zilezile, na inanasa angalau nusu ya zile ndogo kabisa, chini ya maikroni moja. Hiyo ni kwa mwenye mzio wa paka, wa vijimbegu vya kuvu, au anayesumbuliwa na moshi.

Ila kuna gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Filta yenye matundu madogo sana kwenye mashine kuukuu inaibana isipumue. Kiangazi koili inaganda barafu, na AC inapuliza hewa vuguvugu huku bomba limevaa theluji. Baridi ikija, hita inapata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inaizima, na unanipigia simu saa saba usiku. Kwa filta ya inchi moja kwenye mashine ya zamani, mimi huishia MERV 11, nikitazama kwanza kama feni inamudu. Ukitaka 13 kwa raha, mwombe fundi akuwekee kisanduku cha filta ya inchi 4 au 5. Hiyo inakaa miezi sita hadi mwaka, na hewa inapita bila kubanwa. Ya inchi moja itazame kila mwezi, na isipite miezi mitatu. Nyumba yenye watu wanane na watoto wanaokimbia zuliani, mwezi mmoja unatosha kuifanya ya kijivu.

Unapoitoa, itazame. Upande mmoja utakuwa na blanketi la vumbi. Huo ndio upande hewa inakotokea. Fremu yake ina mshale, na mshale uelekee kwenye mashine, si kwenye tundu la ukutani. Ukiona kadibodi imepinda kuelekea ndani, imechelewa, imekuwa ikinyonywa. Ukiona vumbi limepaka mistari kwenye fremu, pembeni, ujue hewa inapita kando na filta yako ni pambo. Kipimo kimeandikwa ubavuni, 16x25x1 au 20x20x1 na kadhalika. Kipigeni picha kwa simu, mkienda dukani msibahatishe. Na lile tundu kubwa la ukutani linalovuta hewa msiliegemezee kochi.

Mpangaji ana haki ya kuuliza: mkataba unasema nani anabadilisha filta? Soma, na kama ni mwenye nyumba, mwandikie ujumbe wenye tarehe na picha, usipige simu tu. Simu haiachi alama. Kuvu ukutani vilevile: picha, tarehe, maandishi.

Kuna watu watawapigia simu, sauti tamu, wanasafisha mabomba yote ya hewa kwa dola 99. Wakifika bei inakuwa 600, kwa sababu "wamekuta kuvu." EPA yenyewe inasema haijawahi kuonyeshwa kwamba kusafisha mabomba ya hewa kunazuia magonjwa. Nasafisha pale ninapokuta panya, kuvu inayoonekana kwa macho, au vumbi la ujenzi lililoziba. Vinginevyo pesa hiyo inunue mifuko ya magodoro. Na ile mashine inayotangazwa kwamba inazalisha ozoni kusafisha hewa, kimbieni. Ozoni inachoma mapafu, na ya mwenye pumu ndiyo inayoanza kuathirika.

Wengine mnapigiwa simu na ndugu zenu walioko Dar au Mombasa, wamefunga AC chumbani na bado wanapiga chafya. Za kule ni za ukutani, hazina mabomba, zinazungusha hewa ya chumba kilekile. Wavu wa plastiki ulio nyuma ya kifuniko unazuia nyuzi na manyoya tu. Uoshwe kwa maji ya bomba kila wiki mbili, ukauke kivulini. AC ikitoa harufu ya kitambaa kibichi inapowashwa, kuvu imekaa kwenye koili na kwenye feni ya ndani. Hiyo inahitaji fundi aifungue na kuiosha kwa pampu, si kuongeza gesi. Na pwani, unyevu unakuwa juu mwaka mzima, hivyo AC ya saa moja kabla ya kulala haikaushi kitu. Rimoti ina alama ya tone la maji, ya kukausha hewa. Kuitumia hiyo usiku kucha, milango imefungwa, kunasaidia zaidi kuliko kuishusha hadi 16.

Nimewaacha mwisho wale wa maghorofa ya zamani yenye redieta, maana kwao hakuna mabomba ya hewa wala mahali pa kuweka filta. Nunueni kisafisha hewa chenye filta ya HEPA, ile inayonasa karibu chembe zote, kiwekwe chumba cha kulala, mlango ufungwe. Tazameni namba ya CADR kwenye boksi, yaani kasi yake ya kutoa hewa safi: iwe angalau theluthi mbili ya eneo la chumba kwa futi za mraba. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni futi 120, kwa hiyo tafuta 80 na kuendelea.

Kama bei inakataa, ipo njia ya mkono. Mwaka 2020, wakati wa korona, injinia Richard Corsi na Jim Rosenthal, mtu wa biashara ya filta huko Texas, walikuja na sanduku linalotengenezwa nyumbani: filta nne za MERV 13 za inchi 20 kwa 20 zinasimamishwa kama kuta, mishale yote ikielekea ndani, chini kadibodi, juu feni ya mraba ya inchi 20 inayopuliza kwenda juu, na pembe zote zimezibwa kwa utepe wa gundi. Unaweza kuimaliza kwa chini ya dola 100. Feni iwe mpya, si ile kuukuu yenye waya uliochubuka. Juu ya feni ongezeni kipande cha kadibodi chenye tundu la duara, ili hewa isirudi kwenye pembe. Vifaa vya kutengeneza mawili viko kwenye meza ya kushoto, na vijana wa nyuma wasogee sasa, maana kukata lile duara kunataka mkono thabiti na mimi nitakuwa nashika tochi.